Apimwe Damu au Achomwe Sindano?

Kwetu Narung'ombe, wilayani Ruangwa, mbwa hafugwi ili mtu apige naye picha. Mbwa ni mlinzi wa shamba. Mihogo ikikomaa, nguruwe pori wanajua kabla yako. Mahindi yakianza kubeba, ngedere wameshapanga foleni. Mbwa wawili wazuri ni sawa na vijana watatu wenye tochi, na hawadai posho. Hata kwenye nyumba za waswalihina, ambako mbwa hakanyagi barazani na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mbwa wa shamba yupo, ana jina lake na ana chakula chake.

Ndiyo maana chanjo ya mbwa kwetu ni habari ya kila nyumba. Likizo iliyopita, tangazo la chanjo ya kichaa cha mbwa lilipopita kijijini, mjomba wangu akaniita. "Mpwa wangu, huyu Komando alichomwa mwaka juzi. Nasikia huko mijini mbwa anapimwa damu kwanza, akionekana kinga anayo, anaachwa. Nyie wasomi mnasemaje?"

Mimi nasoma ualimu, sisomi udaktari wa mifugo. Lakini swali hilo ni zuri, na mtu aliyeuliza vizuri anastahili jibu, siyo kuambiwa "peleka tu, ndo serikali ilivyosema." Nikasoma, nikamsumbua na rafiki yangu wa SUA. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, mjomba hakudanganywa. Kipimo kipo. Mbwa akichanjwa, mwili wake hutengeneza kingamwili, yaani askari wa damu wanaokitambua kirusi kile kile siku kikija kweli. Damu ikichukuliwa, maabara inaweza kupima askari hao ni wengi kiasi gani. Kwa magonjwa kama distempa na pavo, ile ya kuhara damu inayomaliza watoto wa mbwa, chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wa nyumbani, WSAVA, kinakubali kwamba mbwa mzima akipimwa na kukutwa na kingamwili, hana haja ya kuchanjwa tena kwa wakati huo. Kwa hiyo mwenye mbwa huko Ulaya anayesema "nipimie kwanza" ana hoja. Chanjo ni dawa, na dawa haitolewi kwa mazoea tu.

Ila kichaa cha mbwa ni kesi nyingine. Ukitaka kumpeleka mbwa kutoka Tanzania kwenda nchi za Umoja wa Ulaya, wanadai kipimo cha kingamwili kisichopungua uniti 0.5 kwa mililita. Lakini angalia mpangilio wao: mbwa anachanjwa kwanza, zinapita angalau siku 30, ndipo damu inachukuliwa na kupelekwa kwenye maabara waliyoiidhinisha, halafu anasubiri miezi mitatu mingine. Kipimo hapo kinathibitisha kwamba chanjo imeshika. Hakichukui nafasi yake. Tena huyo ni mbwa wa kupanda ndege, mwenye bwana wa kulipa. Damu ya Komando nani ataitoa Narung'ombe, aitunze kwenye ubaridi, aisafirishe, kisha mjomba angoje majibu na kuyalipia, wakati sindano yenyewe ni ya dakika moja na gharama yake ni ndogo kuliko hiyo safari ya kichupa?

Sasa hapa ndipo mjomba alipoweza kunibana: "Sawa, kipimo ni ghali. Lakini kama kinga ya mwaka juzi bado ipo, kwa nini mnarudi tena?" Na ni kweli, baadhi ya chanjo za kichaa zimethibitishwa kukinga hadi miaka mitatu. Jibu lake nililiona nilipochukua chaki, maana mwalimu hawezi kukaa mbali na ubao.

Tuseme kijiji kina mbwa 100, na kampeni imechanja 70. Asilimia 70 ndilo lengo linalotumika duniani. Mbwa wa kijijini hawaishi sana: wapo wanaogongwa, wapo wanaoumwa na nyoka, wapo wanaokufa kwa njaa. Tuseme katika mwaka mmoja wanakufa 30, na 21 kati yao walikuwa wamechanjwa. Wanazaliwa watoto 30. Mbwa bado ni 100, lakini wenye kinga ni 49. Mwaka wa pili bila kampeni, hesabu ile ile, wanabaki 34 hivi. Dawa haijaisha nguvu hata kidogo. Waliobadilika ni mbwa wenyewe.

Ukimpima Komando siku hiyo, majibu yanaweza kusema yuko salama, na yakawa ya kweli. Lakini kipimo hicho hakimwoni yule mtoto wa mbwa wa jirani aliyezaliwa juzi na anayecheza na watoto kisimani. Kinga ya kichaa haihesabiwi kwa mbwa mmoja, inahesabiwa kwa kijiji. Afisa mifugo akifika na boksi lake la chanjo hana muda wa kuanza kuuliza kadi ya nani imeliwa na mchwa na mbwa wa nani alichanjwa lini. Anachoma wote. Kumrudia mwenye kinga hakuna hasara kubwa, ila kumruka asiye nayo kunaweza kuua mtu.

Na kuua siyo maneno ya kutishana. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Makadirio ya muda mrefu ni kwamba Tanzania hupoteza watu wapatao 1,500 kwa mwaka kwa ugonjwa huu, na watoto ni sehemu kubwa ya wanaoumwa. Kusini tuna jambo la ziada: watafiti waliofuatilia ugonjwa huu Lindi na Mtwara walikuta bweha nao ni sehemu kubwa ya wanyama wenye kichaa. Bweha huwezi kumfunga kamba ukampeleka kwenye foleni. Mbwa unaweza.

Uzuri ni kwamba tunajua inawezekana. Wilayani Serengeti, kampeni zilizoanza 1996 zilipunguza ugonjwa kwa asilimia 70 baada ya awamu ya kwanza na 97 baada ya ya pili. Pemba kichaa kilitoweka 2014, kikarudi 2016 kikitokea nje ya kisiwa, kikatokomezwa tena. Silaha iliyotumika kote ni ile ile: sindano kwa mbwa wengi, kisha kurudi tena.

Kipimo cha kingamwili kina kazi yake: kuchukua damu ya mbwa wachache baada ya kampeni ili wataalamu waone kama chanjo ilitunzwa vizuri njiani na imeshika. Hiyo ni kazi ya kuikagua kampeni. Kumpa mwenye mbwa sababu ya kubaki nyumbani siyo kazi yake.

Sasa sisi. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895. Wengi wetu tarehe hiyo tuko majumbani, bumu limeisha na semesta haijaanza. Kijijini anayeshika kamba ya mbwa kwenda kwenye chanjo mara nyingi ni mtoto wa shule, na mtoto wa shule humsikiliza mwalimu, hata mwalimu mtarajiwa. Mwulize mtendaji wa kijiji chenu chanjo ni lini. Wafundishe watoto kwamba ukiumwa na mbwa unaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu unakwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Na mzee akikuuliza kwa nini arudi tena na mbwa yule yule, usimjibu kwa amri. Okota kijiti, mchoree mbwa 100 kwenye mchanga, muhesabu pamoja.