Hugonga Likifanyaje?

Kitenzi "kugonga" kiliwahi kunigharimu fedha nyingi, nami nasimulia ili kisimgharimu mwingine.

Marehemu baba aliniachia Datsun 240Z, gari dogo la michezo lenye boneti ndefu, la aina ile ile ambayo Shekhar Mehta aliishindia mbio za Safari mwaka 1973. Lilikaa miaka mingi chini ya mwembe kwetu Butiama. Nilipolifufua, likaanza kugonga. Nikalipeleka gereji moja mjini Musoma na kutamka maneno mawili tu: "Gari linagonga."

Fundi alisikia alichozoea kusikia. Kwake, kinachogonga ni injini, na injini inayogonga i karibu kunoki. Akaifungua, akabadilisha beringi zake, akaifunga. Fedha za mahindi ya mama zikaishia hapo. Njiani kurudi Butiama, mlio ukarejea ule ule.

"Mwanangu," mama alisema gari lilipoingia uani, "kiuze hicho chuma kabla hakijatula sote."

Nilimwomba wiki moja.

Bunda nilielekezwa kwa fundi mzee. Nilimwambia yale yale: linagonga. Hakufungua boneti. Aliuliza, "Hugonga likifanyaje?"

"Linagonga tu, mzee."

"Hujamaliza sentensi, kijana."

Gari likiwa limesimama, halijaingizwa gia, aliniamuru nikanyage mafuta. Kimya. Basi injini haikuwa na hatia. Tukatoka kwenye barabara ya Mwanza, mwendo mmoja, mguu umetulia. Kimya tena, beringi za magurudumu zingelia kadiri ya mwendo. Kisha akasema niachie mafuta na kukanyaga ghafla. Ngo! Mara moja tu. Nikaachia: ngo!

"Sasa sema."

"Hugonga nikikanyaga mafuta, hugonga nikiachia, hunyamaza mwendo ukitulia."

"Hiyo ndiyo sentensi."

Kitu kigongacho mara moja nguvu inapogeuza upande, alieleza, ni kitu kilicholegea baina ya giaboksi na magurudumu. Tuliporudi aliingia uvunguni, akazishika krosi za propela na kuzizungusha, hazikucheza. Akaingiza mtaimbo chini ya difu, akainyanyua. Pua ya difu ikapanda, ikagota kwenye bodi. Raba inayoishikilia kwa mbele ilikuwa imechanika. Kila nikikanyaga, difu ilipanda. Kila nikiachia, ilianguka. Akachonga raba ya muda kutoka tairi kuukuu la lori, akaniagiza nitafute mpya.

Shuleni tulikariri kwamba hu- ni ya mazoea na -ki- ni ya masharti, tukapata alama zetu, tukasahau. "Linagonga" lilieleza kero yangu, wala halikumwonyesha fundi pa kushika. Nilipoongeza -ki- ndipo alipopata njia ya kupita. Tangu siku hiyo nayasoma mashairi yangu kwa hofu. Mara ngapi nimeandika kwamba moyo unauma, nikamwacha msomaji afungue injini isiyo na kosa? Huuma ukifanyaje? Ukisikia jina gani? Ukipita wapi? Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari mwaka 1963, kisha akairudia na kuitoa upya mwaka 1969. Kurudi kwenye sentensi yako mwenyewe si aibu.

Jumapili iliyofuata nilimpakia mama. Tulipokaribia nyumbani, kwenye kona yenye mawe makubwa, niliachia mafuta. Gari halikusema kitu.

Mama alitazama nje ya dirisha kwa muda. "Baba yako," akasema, "akifika hapa alikuwa akiachia mafuta taratibu sana, kama anayemlaza mtoto. Nilidhani ni mapenzi ya gari tu."