Kwa Mwanangu Unayejifunza Kiingereza

Likasi

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia umeanza Kiingereza huko Lubumbashi. Kitakufaa sana: ukishavuka Kasumbalesa tu, uko Zambia, na karatasi zote za forodha ni za Kiingereza. Ila ulivyosema unakariri maneno kwa orodha, kila neno na maana yake moja, nimeona nikuandikie.

Chukua neno cobalt. Umeandika "madini" ukapita. Wewe, mtoto wa Likasi, yanakotoka madini hayo! Neno hilo asili yake ni migodi ya Ujerumani, upande wa Saxony. Wachimbaji wa huko walitafuta fedha na shaba. Mara nyingine walipata jiwe la kupendeza, wakalitia tanuruni, wasipate chochote ila moshi uliowadhuru. Wakasema hiyo ni kazi ya Kobold, pepo wa chini ya ardhi: kaiba madini mazuri, kawaachia uchafu. Jiwe likabaki na jina la pepo. Kilichowadhuru hasa ni aseniki, sumu iliyokuwa ndani ya jiwe lenyewe. Mimi siwacheki. Mtu anayeumizwa na kazi yake lazima atafute jina la kinachomuumiza.

Katika miaka ya 1730, Georg Brandt, mkemia wa Sweden, alionyesha kwamba mna metali mpya katika mawe hayo, na kwamba ndiyo inayokipa kioo rangi ya buluu. Ndiyo maana kamusi itakupa maana ya pili: buluu iliyokolea. Mtu wa kiwandani atashangaa, kwa sababu pale kiwanda cha Shituru maji ya buluu kwenye matangi ya kusafishia shaba kwa umeme ni ya shaba. Kobalti ikiyeyushwa katika asidi hutoa maji ya waridi. Buluu yake huonekana ikishayeyushwa pamoja na kioo.

Sasa usije ukasikia copper na cobalt zinaanza kwa kufanana, ukadhani ni ndugu. Hapa kwetu hutoka kwenye udongo mmoja, lakini majina hayahusiani kabisa. Copper limetokana na kisiwa cha Cyprus, ambako Warumi walipata shaba yao. Usiliamini sikio peke yake. Tafuta kamusi inayoeleza neno limepita wapi, uilinganishe na nyingine. Hata ya Kifaransa itakusaidia, maana cobalt huandikwa vilevile.

Nakukazania hili kwa sababu zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, ikaingia kwenye betri za simu na za magari. Utakaa na wageni wanaolitaja jina hilo kutwa. Ujue, utakapoketi nao, kwamba lilianza kama lawama kwa pepo, wakati kulikuwa na sumu na watu ambao hawakuwa na wa kuwaeleza. Wachimbaji wetu wa mikono nao wanalishika lile jiwe jeusi la kobalti, wengi bila glavu. Nani awaeleze, kama si nyinyi mliosoma? Wanastahili kuambiwa kilichomo ndani yake, kwa Kiswahili chao.

Katika barua yako ijayo niandikie asili ya nickel. Nalo lilitoka vinywani mwa wachimbaji wa Kijerumani.

Mimi, baba yako mdogo