Moteri ilikuwa inalia, nami nikamshitaki mtoto

Leo napenda kuwaelezea jambo lililonipata mimi mwenyewe. Lilianza ndani ya motokari, likaishia ndani ya nyumba yangu.

Tuko na Corolla moja ya zamani, ile ya kaburateri. Siku za kazi kijana wetu wa pili anafanya nayo taksi kati ya Likasi na Kambove. Siku ya Mungu ninaiendesha mimi, kupeleka jamaa kwenye kanisa. Motokari ile ndiyo inalisha watu saba.

Mwaka jana, mwezi wa 10, jua lilikuwa kali na mvua ilikuwa haijaanza. Tulikuwa tunapanda kwenda Kambove, watu watano na gunia moja la bunga. Nilipokanyaga mafuta nikasikia moteri inalia: krr-krr-krr, sawa mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Tulipofika kwenye tambarare, kelele ikaisha. Nikafungua radio, nikasahau. Siku zilizofuata kelele ikarudi, na nguvu ya motokari ikapungua.

Fundi mmoja aliisikia kidogo tu, akasema: «Biele imekufa, Muzee. Tufungue moteri.» Bei aliyotaja ilipita mshahara wa mke wangu wa miezi mitatu, naye anafundisha shule ya msingi. Usiku ule nikamwita kijana. Nikamwambia mbele ya wadogo wake kwamba amekimbiza motokari ya jamaa mpaka ameiua. Nikamnyang'anya funguo. Hakujibu neno. Akaenda kulala bila kula.

Asubuhi mama yake akaniambia: «Baba, ule mutoto alijifunza ufundi miaka mine. Fundi wa inje unamusikiya, ule wa mu nyumba hapana?»

Nikarudisha funguo. Kijana akasema: «Baba, ingiya. Miye niendeshe, weye sikiya.» Akapanda kilima na vitesi ya tatu. Kelele ikaanza. Akaondoa mguu, ikanyamaza palepale. «Umesikiya? Kusine ya biele ikikufa, inapigaka sauti nzito, tok-tok-tok, hata kama motokari imesimama. Hii iko nyepesi, inakuya paka wakati moteri inabeba muzigo.»

Tuliporudi, alifuata mambo moja moja, pasipo kufungua moteri. Mbele ya yote alipima mafuta ya moteri: yalikuwa ya kutosha. Akaangalia radiateri: maji yalikuwamo, lakini vumbi nyekundu ya barabara imeziba mapezi yake, kwa hiyo moteri ilikuwa inachemka kupita kipimo. Akatoa buji: zilikuwa na masizi. Ndipo akaniuliza: «Baba, esansi unauzaka fasi gani?»

Hapo nikasikia haya. Miezi miwili nilikuwa ninanunua bidoni kando ya barabara, kwa wale wanaoitwa kadafi, juu ya bei ya chini. Bidoni zenyewe nilizificha nyuma ya jikoni.

Akatia matone machache ya esansi ile juu ya karatasi nyeupe. Esansi safi inakauka upesi, haiachi alama. Yetu iliacha doa la mafuta. Ilikuwa imechanganywa na petroli ya taa.

Akanieleza vizuri. Ndani ya silinda, pistoni inakamua hewa na esansi. Buji inatoa cheche, na moto unapaswa kutembea kwa utaratibu toka upande mmoja mpaka mwingine. Nguvu ya esansi ya kungojea moto ule inaitwa oktani. Ndiyo zile namba 91 au 95. Petroli ya taa iko na oktani ya chini sana. Kwa hiyo sehemu inayobaki inalipuka yenyewe mbele moto haujaifikia, na mlipuko ule ndio unaogonga. Moteri ikiwa na joto kali, au cheche ikitoka mapema kupita kipimo, inazidi. Ukiacha hivyo, siku moja pistoni itatoboka.

Kazi ilichukua siku moja. Tulitoa esansi yote, tukatia ingine ya stasio. Akaosha radiateri, akasafisha buji, akazungusha deliko kidogo sana mpaka alama ya puli ikapatana na kipimo cha kitabu. Moteri haikufunguliwa. Tulipopanda tena Kambove, nilisikia upepo tu.

Jioni nilimwita kijana mbele ya wadogo wake, palepale nilipomtukana, nikamwomba samahani. Ndugu zangu, kwa baba jambo lile si jepesi. Yeye akacheka kidogo, akasema: «Imeisha, Baba. Lakini zile bidoni zitoke ku nyumba.» Zilitoka siku ile ile.

Mzazi mwenzangu, nakuachia maneno machache. Motokari ikilia unapokanyaga mafuta, punguza mguu, rudisha vitesi, usiifiche kelele na radio. Anza na mambo madogo: esansi, maji, buji, alama ya deliko. Motokari za sasa nyingi ziko na kifaa kinachosikia kugonga na kuchelewesha cheche chenyewe. Hizo hazilii sana, lakini nguvu inapungua na esansi inaisha upesi. Tena mama, angalia taa ya nyumbani: yule anayechanganya petroli ndani ya esansi anaweza pia kuchanganya esansi ndani ya petroli, na taa ya namna ile inaunguza nyumba na watoto.

Na mbele ya kumshitaki mtoto wako, ingia naye ndani ya motokari, umwache aendeshe, nawe usikilize.