Weusi wa Mafuta

Mjukuu wangu, unacheka kila unaponiona nachovya kidole kwenye mafuta ya moteri na kuyanusa, eti babu anaonja mchuzi. Kidole hiki kilisomea hapa hapa mtaani Mapendo, enzi za Mobutu, miaka michache baada ya volkeno ya Nyiragongo kumwaga moto mwaka 1977. Garaji yetu ilikuwa mabati mawili na kivuli cha mwavokado, nayo ilinuka mazuti, makala na sambaza waliokaangwa na mama mmoja kando ya njia. Mzee aliyenifundisha, mwenye kovu la mvuke shavuni, alijua mafuta ya aina moja tu, namba 40, tuliyoyachota kwenye pipa na kuyapima kwa chupa ya Primus. Aliyasugua kati ya vidole, akafumba macho. Mafuta yaliyokaa miezi bila kubadilika rangi aliyaita ya heshima. Yaliyoiva weusi upesi, alimlaani aliyeyauza.

Bei nayo haikutulia. Mwaka 1993, noti mpya ilipokuja na moja yake kumeza zaire 3,000,000 za zamani, chupa iliweza kupanda kati ya chai ya asubuhi na ugali wa jioni. Mteja alikuja na mfuko wa noti, akaondoka na nusu chupa. Ndiyo maana pipa letu tulilipenda: halikuwa na maandishi, lakini lilikuwepo.

Kisha ukaja mwaka 2002. Januari Nyiragongo ilirudi, ikaukata mji hadi ziwani, nasi tukajenga garaji upya juu ya mawe yake. Mwaka huo huo, huko Marekani, herufi za daraja la mafuta ya moteri za mazuti zilifika CI-4; ile ya 1990 ilikuwa CF-4. Kila herufi mpya ilidai mafuta yastahimili zaidi masizi na joto la moteri mpya. Mimi nilijua nini? Bwana mmoja aliniletea kamyoneti ya Kijapani, usukani kulia, mafuta yake meusi tii wiki tatu tu baada ya vidanje, yaani kubadilishiwa mafuta. Nikamwambia ameuziwa takataka, nikamtilia namba 40 ya pipani. Yalibaki ya dhahabu, nikajisifu mtaa mzima. Baada ya miezi moteri ikafa. Nilipofungua kifuniko nilikuta tope zito kama sombe iliyolala, limeziba vijia vyote vya mafuta. Mafuta yake ya kwanza yalikuwa meusi kwa sababu yana dawa ya kuosha, yanabeba masizi mpaka yamwagwe. Yangu yalibaki safi kwa kukiachia chuma uchafu. Nililipia moteri ile kwa kuuza pikipiki yangu.

Basi leo kidole kinapima uzito, na pua inanijulisha kama mazuti yamevujia ndani. Weusi siuhukumu tena. Herufi za kwenye bidoni nisomee wewe. Ni ndogo mno kwa macho yangu.