Mizani ya Baruti

Kwetu Burundi risasi ikishalia imekwisha. Marekani nilikuta watu wanaorudi uwanjani kuokota maganda, wakayaosha, wakayajaza upya na kuyatumia tena mara nyingi. Nililijua jambo hili kwa sababu ya chumba nilichopangishwa. Nilikuwa nimekwenda Kansas kwa miezi tisa kuwasaidia wanafunzi wa Kiswahili katika chuo kimoja, na mwenye nyumba alikuwa fundi mitambo mstaafu ambaye jioni hujaza risasi za bastola ndani ya gereji yake. Nilimwita Mzee, na nilipomweleza maana yake akalipenda jina hilo.

Mwanzoni sikutaka kukaribia meza yake. Mwaka 2015, nikiwa na umri wa miaka 14, familia yetu ililala sakafuni mjini Bujumbura, chini ya usawa wa madirisha, tukisikiliza milio. Mtu aliyepitia hayo haoni baruti kama kitu cha kupitishia wakati. Kilichonivuta mezani ni maneno. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki inayowasha moto, baruti, na kichwa kinachoruka. Mzee alipima baruti kwa punje, kipimo cha zamani kilichotokana na uzito wa punje ya shayiri, na punje 7,000 hufanya ratili moja. Punje, ratili, fataki: maneno niliyoyaona kwenye kamusi tu yalikuwa yakifanya kazi mbele ya macho yangu.

Baridi ilipoanza, rafiki yake mmoja alimletea habari ya baruti ya ziada ya jeshi. Biashara hii ina historia ndefu huko Kansas. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Marekani ilibaki na baruti nyingi isiyo na kazi, na mtu mmoja wa huko, Bruce Hodgdon, akainunua na kuwauzia wapiga shabaha kwa bei ndogo. Kampuni yenye jina lake ipo hadi leo. Hiyo ilikuwa baruti ya bunduki. Aliyoletewa Mzee ni WC 820, ambayo jeshi liliitumia kwenye karabini ya M1, na ambayo wapiga bastola nao wanaifahamu kwa risasi zao kubwa.

Bei zilikuwa tatu. Dukani, kopo la ratili moja la baruti ya aina hiyo lilikuwa dola 40. Rafiki alikuwa na pipa la ratili 8 lililofungwa, lenye namba ya fungu lake, kwa dola 160. Alikuwa pia na makopo ya kahawa yaliyojaa baruti iliyotolewa kwenye risasi zilizovunjwa, haina karatasi yoyote, kwa dola 10 ratili moja.

Mzee alinipa kalamu, akasema wewe msomi, hebu piga hesabu. Kwa ajili ya hesabu tu, tukachukulia kwamba kila risasi inakula punje 14. Ratili moja basi inatosha risasi 500. Baruti ya dukani inagharimu senti 8 kwa risasi, ya pipa senti 4, ya kopo la kahawa senti 2. Yeye hupiga risasi kama 1,000 kwa mwaka. Pipa lingemwokolea dola 40 kila mwaka kwa miaka minne. Makopo yangemwokolea dola 60. Kwa mtu anayeishi kwa pensheni, haba na haba hujaza kibaba.

Lakini aliniambia hesabu yangu ilikuwa nusu tu. Baruti ya dukani inauzwa pamoja na ahadi. Kiwanda huchanganya mafungu mbalimbali mpaka kasi ya kuungua ilingane na ya mwaka jana, ili vipimo vilivyochapishwa kwenye vitabu viwe salama kwa kila kopo. Jeshi halihitaji ahadi hiyo. Lina maabara ya kupima shinikizo, hivyo kila fungu likifika hurekebishiwa kipimo chake. Ndiyo maana mafungu mawili ya WC 820 yanaweza kuwa na jina moja na tabia mbili. Kipimo kilicho salama kwa hili kinaweza kuipasua bastola kwa lile, maana baruti ikibanwa huungua kwa kasi zaidi, na kasi hiyo huzidisha shinikizo.

Pia baruti huzeeka. Ndani yake huwekwa dawa ya kuzuia isiozeane, na dawa hiyo huisha polepole, hasa penye joto. Baruti iliyoharibika hutoa harufu kali ya tindikali na mvuke mwekundu, na ikiachwa inaweza kujiwasha yenyewe. Kopo la kahawa halisemi lilikaa wapi miaka yote hiyo.

Nilidhani basi atakwenda dukani. Hakwenda. Alilinunua pipa. Sababu yake ilikuwa kwamba fungu moja kubwa, hata kama halifanani na kitabu, linafanana na lenyewe. Alianza na kipimo kidogo kabisa, akapanda taratibu, kila mara akitumia kifaa cha kupima mwendo wa risasi na kuyachunguza maganda kwa kioo cha kukuzia. Ilimchukua Jumamosi sita. Namba ya fungu na matokeo yote aliyaandika daftarini. Kazi hiyo, alisema, ataifanya mara moja na itamtosha miaka minne. Makopo ya kahawa aliyakataa hata alipoambiwa achukue bure.

Alinialika uwanjani mara moja. Nilimwambia kwamba sitapiga, nikamweleza kwa nini, naye hakunialika tena. Lakini niliendelea kukaa mezani na kumsomea mizani. Waliofyatua risasi mtaani kwetu mwaka 2015 hawakuwa na woga wowote wa walichokishika. Mzee aliiogopa sehemu ya kumi ya punje. Tofauti hiyo haikunifanya niipende bastola, ila iliniwezesha kukaa na mwenye nyumba wangu bila moyo kudunda.

Kilichobaki kwangu ni somo kuhusu bei. Katika kila bei ya dukani kuna malipo ya mtu aliyekwisha kupima kabla yetu. Tukitaka bei ishuke, inafaa tuulize kazi ya mtu huyo sasa itafanywa na nani. Mzee aliweza kuifanya mwenyewe, kwa hiyo pipa lilikuwa rahisi kweli. Asiyekuwa na kifaa, daftari wala Jumamosi sita, kwake pipa lile lile ni ghali.

Msimu uliopita mama alinituma sokoni Gitega kununua mbolea. Muuzaji mmoja alikuwa na mfuko ulioshonwa, mwingine alipima kwa kopo kutoka mfuko uliofunguliwa, kwa bei ndogo. Nilimuuliza huyu wa pili ni mbolea ya aina gani. Akanijibu: ni mbolea. Nikalipia mfuko ulioshonwa.