Kifuniko cha Rejeta Kingoje
Wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba. Lakini ya rejeta huunguza uso na mikono. Nakumbuka mwinuko wa Mazeras, wanangu wakilia kwa joto garini, na sindano ya kipimo imefika kwenye alama nyekundu. Niliegesha kando, nikazima injini, nikawateremsha watoto mbali na barabara. Mpita njia mwema alitaka kufungua kifuniko, nikamwambia, “Ahsante kakangu, na tungoje kwanza.” Ndani ya rejeta maji hubanwa, yakapita nyuzi joto 100 bila kuchemka, kifuniko kikilegea, hufoka papo hapo. Tulingoja zaidi ya nusu saa, hata mpira wa juu ukashikika kwa mkono. Ndipo tukafungua polepole kwa kitambaa, tukatia maji kidogo kidogo, kwani ya baridi yakimwagwa katika injini yenye moto huweza kuipasua. Wala maji hayapungui bure: fundi alikuta mpira umetoboka. Kila Ijumaa asubuhi, injini ikiwa baridi, mimi hutazama kiasi chake. Dada zangu, tusafiri na dumu la maji. Watoto wakilia, tuwanyweshe wao kwanza, Inshallah. Injini na ingoje.