SEHEMU YA 4: Garchomp na kikohozi cha mdogo wangu

Nimetoka zamu ya usiku asubuhi, nimelala, nimeamka, nimekunywa chai ya tangawizi, sasa nilipe deni. Wengi mmeniandikia: "Sista, ulisema utaeleza ya mdogo wako, ukaishia kwenye nyoka." Ni kweli. Sehemu ya tatu nyoka ilinichukua yote. Leo ni zamu ya mdogo wangu.

Kwa mliojiunga leo: mimi ni nesi, niko Mitundu. Ukishuka treni Itigi unashika barabara ya kusini inayokwenda Rungwa, sisi tuko humo njiani, kwenye tumbaku, asali na ng'ombe. Ukiendelea na barabara hiyo ukavuka Rungwa, unatokea Makongolosi, wilaya ya Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu. Huko ndiko aliko kitinda mimba wetu. Anashuka duarani, akipanda juu anakaa kwenye karasha kusaga mawe. Lile vumbi mnalolijua.

Mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika moja. Alikohoa mara nne. Nikamuuliza kikohozi kina muda gani, akasema "kidogo tu dada". Kidogo ya mchimbaji! Nikambana, ikatoka kuwa ni wiki ya tano. Usiku anatoka jasho mpaka fulana inalowa, na suruali anaifunga kwa kamba. Jamani, sisi tunaanza kumuuliza mtu maswali ya kifua kikuu akishakohoa wiki mbili tu. Na mtu aliyevuta vumbi la mawe miaka kadhaa, mapafu yake yanakaribisha kifua kikuu kirahisi kuliko ya mwenzake wa shambani. Nikamwambia nenda katoe makohozi. Akasema sawa dada. Hakwenda. Nikapiga tena, sawa dada. Nikamtuma mama apige, sawa mama.

Sasa kuna kitu kimoja ambacho mdogo wangu hajawahi kunijibu "sawa dada". Ni Pokémon.

Msicheke. Alipomaliza kidato cha nne alikaa kwangu miezi saba akisubiri matokeo na akili zitulie, akanifundisha Pokémon Showdown. Unachezwa humohumo kwenye simu, bando hauli sana. Kila mtu anakuja na viumbe wake sita, mnapigana kwa zamu: wewe unachagua, mwenzio anachagua, mnaona kilichotokea. Huhitaji kuwalea viumbe kwa miezi, unampanga unavyotaka palepale na kuingia vitani. Tangu aondoke, tumekuwa tukicheza kila Jumapili nikiwa sina zamu. (Nasema NIKIWA SINA ZAMU. Mganga mfawidhi wangu yumo humu, shikamoo.) Mashambulizi tumeyapa majina ya kwetu, kwa hiyo nitayaita hivyohivyo.

Nikamwambia: Jumapili mechi moja. Ukinishinda, sikuulizi tena habari ya kifua. Nikikushinda, unakwenda kutoa makohozi wiki hiyohiyo. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Dada, lini ulinishinda?"

Ana haki ya kucheka. Katika mechi kumi nilikuwa nashinda labda mbili. Na sababu naijua: mimi napenda nguvu. Kiumbe wangu mkubwa ni Garchomp, joka la ardhini lenye sura ya papa, na siku zote nilimpanga apige kwa nguvu zote, basi. Anaua mmoja, anaua wa pili kama Mungu akipenda, halafu anakuja yule mnyama wa manyoya na barafu, Mamoswine, ananimaliza kwa pigo moja.

Wiki ile nikakaa chini na daftari. Lile la hesabu za vikoba, nyuma yake.

Iko hivi. Kila kiumbe unampa pointi 510 za kugawa. Sehemu moja haiwezi kupokea zaidi ya 252, na akiwa ngazi ya 100, kila pointi nne zinakuwa nyongeza ya moja. Kwa hiyo unaweza kujaza sehemu mbili tu, zinabaki chenji. Ukisema uweke kidogo nguvu, kidogo kasi, kidogo uhai, kidogo ulinzi, unapata kiumbe wa wastani ambaye hamtishi mtu. Hilo nilikuwa nalijua zamani: 252 kwenye nguvu, 252 kwenye kasi, nne nikazitupia kwenye ulinzi.

Kosa langu lilikuwa kwenye tabia. Kiumbe unamchagulia tabia, inampandisha sehemu moja kwa asilimia 10 na kumshusha nyingine. Mimi nilikuwa nampa Garchomp tabia tunayoiita Mbishi, inayoongeza nguvu. Anafika nguvu 394, lakini kasi inabaki 303. Mdogo wangu ana ndege wa radi, Zapdos, ambaye humjazia kasi yote mpaka 328. Kwa hiyo miaka yote hii Zapdos alikuwa anatangulia kunipiga na mimi najiuliza kwa nini nakufa. Garchomp nikimpa tabia ya Mchangamfu, nguvu inashuka mpaka 359 lakini kasi inapanda mpaka 333.

333 kwa 328. Pointi tano! Nilizizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Nimetoa 35 za nguvu kununua haki ya kupiga kwanza, na nguvu niliyoipoteza nitairudisha kwa Ngoma ya Mapanga. Hiyo ngoma ukiicheza unapoteza zamu moja bila kupiga mtu, ila nguvu yako inakuwa mara mbili.

Bado Mamoswine. Kasi haisaidii kwake, maana ana pigo linaloitwa Kipande cha Barafu ambalo hutangulia hata kama wewe ni mwepesi kuliko yeye. Pigo lenyewe ni dogo, lakini Garchomp ni joka na ni wa ardhi, na barafu inaviumiza vyote viwili, kwa hiyo maumivu yanazidishwa mara nne. Mdogo wangu humshikisha Mamoswine Gololi ya Uhai, inayoongeza karibu asilimia 30 ya pigo. Nikapiga hesabu: Garchomp ana uhai 357. Kipande cha Barafu na gololi kinatoa kati ya 395 na 468. Maiti.

Kila kiumbe anashika kitu kimoja tu. Mimi nami nilikuwa namshikisha Garchomp gololi, si unajua tena mpenda nguvu. Sasa kuna tunda la Yache, ambalo hukata nusu pigo moja la barafu la namna hiyo, kisha limeisha. Nikalipigia hesabu: kati ya 198 na 234. Nabaki hai! Kwa sharti moja, niwe sijaumizwa zaidi ya theluthi moja kabla ya hapo. Na nikiwa nimeshacheza ngoma, Tetemeko la Ardhi langu linamuua Mamoswine kwa mara moja bila shaka yoyote. Bila ngoma linamtoa kama asilimia 60 tu, nimeihesabu hiyo mara mbili.

Kwa hiyo mpango mzima ulikuwa huu: Garchomp akae nje mpaka mwisho, asiguswe. Aingie mbele ya mtu atakayekimbia. Acheze ngoma mwenzie akiwa anakimbia. Mashambulizi manne: Ngoma, Tetemeko, Kucha za Joka, na Jiwe Kali kwa ajili ya Zapdos, kwa sababu ndege hasikii tetemeko. Jiwe Kali ndilo lililoninyima usingizi. Linapata mara 80 kwa 100. Kuna Kucha ambazo hazikosei, lakini hata baada ya ngoma hazina uhakika wa kumtoa Zapdos, na ukimgusa anaweza kukupoozesha kwa umeme. Nikaamua jiwe. Nesi anayechoma sindano za watoto anajua kwamba mara nyingine unajua kabisa unachofanya na mtoto anatingisha mguu.

Jumapili saa mbili usiku. Mvua ilikuwa imenyesha jioni, mtandao ukawa unakuja na kuondoka, nikasimama nje kwenye kichuguu nyuma ya nyumba ambako simu inashika.

Sitawachosha na mwanzo wa mechi. Nilipigwa vizuri tu. Nikabaki na Garchomp peke yake, mzima, uhai 357. Yeye akabaki na watatu: Heatran wa chuma na moto, Zapdos, na Mamoswine. Mbele yangu amesimama Heatran. Tetemeko linamuumiza Heatran mara nne, kila mtu anajua, na dada yake mpenda nguvu lazima atapiga tetemeko, si ndio? Kwa hiyo atamtoa Heatran, atamleta ndege.

Nikabonyeza Ngoma. Akamleta ndege.

Mikono ilitetemeka, nawaambia ukweli. Nikabonyeza Jiwe Kali. Garchomp akatangulia. Hapo najua mdogo wangu kule aliacha mdomo wazi, maana miaka yote Zapdos ndiye anatangulia. Jiwe likapata. Zapdos chini.

Akamleta Mamoswine, na hakukawia, Kipande cha Barafu. Tunda likaliwa. Nikapoteza 218, nikabaki na 139. Tetemeko. Mamoswine chini. Heatran akarudi, Tetemeko. Mechi imekwisha, na mimi napiga kelele kichuguuni mpaka jirani akatoka na tochi akidhani ni fisi.

Alinyamaza kama dakika tano. Kisha: "Dada umemshikisha tunda?" Nikasema ndiyo. "Wewe?" Mimi.

Akasema Alhamisi nitaenda. Alhamisi ikapita, alikuwa duarani. Akasema Jumatatu. Jumatatu ikapita. Akaomba mechi ya marudiano. Ndipo nilipokasirika. Nikamwandikia kwamba sichezi tena nawe mpaka nione kikopo cha makohozi kwa macho yangu. Jumapili ile sikuingia. Akanitumia mwaliko mara tatu, sikuupokea, na iliniuma kuliko nilivyotarajia, maana Jumapili zile ndizo pekee tunazoongea kwa kweli.

Jumatano saa tano usiku akapiga simu. Hakusema habari ya mchezo. Akasema, "Dada, nikikutwa nacho, duarani hawanirudishi. Kuna mwenzetu alikutwa nacho, nafasi yake akapewa mtu siku ileile."

Mimi wiki zote zile nilidhani ni uvivu na ubishi. Nilikuwa nimempanga Garchomp vizuri kabisa, lakini sikuwahi kumuuliza mdogo wangu anaogopa nini.

Tuliongea saa nzima. Nikamwambia dawa hazilipiwi, ni miezi sita, na mtu akizinywa vizuri, baada ya wiki chache hatari ya kuambukiza wenzie inashuka sana. Nikamwambia sina jibu la mwenye duara, hilo siwezi kumdanganya. Nikamwambia nyumba yangu ina chumba. Akanyamaza, halafu akauliza, "Kile chenye dirisha bovu?" Nikasema nimelitengeneza. (Sijalitengeneza. Fundi anakuja kesho.)

Ijumaa saa tatu asubuhi nikapokea picha. Kikopo chenye mfuniko, juu ya benchi, na vidole vyake vyenye vumbi pembeni. Chini ameandika, "Jumapili njoo na tunda lako, mimi nimebadilisha timu."

Majibu bado hayajatoka. Jumapili tumecheza, amenipiga vibaya mno, Mamoswine kamwacha nyumbani kabisa na tunda langu halikuwa na kazi. Daftari la vikoba limefunguliwa upya.

Sehemu ya tano nitaandika majibu yakija. Naingia zamu saa mbili, wodi ya wazazi ina watatu. Mniombee.